Glopu

Saa tisa kasorobo usiku, Ibra, mwezi wa nane,
lami ya nje bado inatema joto la mchana.
Wamemleta Thuwaini, fundi wa umeme,
mkono kaukumbatia tumboni kama mtu aliyeiba mkate.
Alikuwa juu ya ngazi, anakitengeneza kiyoyozi cha jirani;
waya ukamshika, ukamtikisa, ukamwachia.
"Sikuanguka, dada," anasema, na anarudia.
"Vipi livunjike bega la mtu asiyeanguka?"

Mama yake, Bi Shawana, ana Kipemba
kilichokaa nusu karne ndani ya Kiarabu na hakijachuja:
"Limeteguka tu hilo. Livuteni lirudi.
Babu yangu Mkoani akilirudisha kwa kisigino,
mtu kalala chini, pumzi moja, ta!"

Mimi ni mpiga eksirei. Sivuti, sikati, sishoni.
Simama. Vuta pumzi. Izuie. Basi.
Bega likatokea kwenye kioo, jeupe, tulivu,
mfupa mkabala na kikombe chake.
Mwenye usingizi angesema: salama,
mpeni dawa ya maumivu, aende.

Nilisema hivyo mwaka juzi.
Mwanamke wa Mudhaibi, kifafa kilimpitia usiku.
Daktari wa zamu akaniuliza, unaonaje?
Sioni kitu, nikasema, na chai yangu ilikuwa inapoa.
Akarudi baada ya wiki saba, hawezi kujifunga ushungi.
Daktari akanionyesha picha yangu mwenyewe
bila neno.
Angenitukana ningeshukuru.

Kwa hiyo natazama tena.
Kichwa cha mfupa huu kwa kawaida kina upande,
kama kichwa cha bakora, kinajua kinaelekea wapi.
Hiki ni duara. Duara tupu, na shingo katikati.
Glopu.
Fundi wa umeme ana glopu begani.
Kicheko kinanijia, na mikono inatetemeka.

"Geuza kiganja juu, Thuwaini. Kama unaomba dua."
Hakigeuki. Kimekwama, kinatazama tumbo.

Picha ya pili ndiyo kazi.
Mkono hauinuki, basi siuinui:
namwegemeza kinyumenyume juu ya meza,
sahani chini ya bega, mionzi ishuke kutoka juu.
Jasho lake linanidondokea kifundoni.
"Hesabu glopu ulizowahi kufunga."
Akafika kumi na nne.

Ndipo ikaonekana:
kichwa kimekaa nyuma ya kikombe,
kimeng'ata ukingo, na ukingo umekibonyeza;
kipande kimebanduka mbele,
na shingoni, nyembamba kama unywele, ufa.

Nikitoka, Bi Shawana keshamshika mwanawe mkono.
"Usivute, mama!"
Sikujua nina sauti kubwa hivyo.
Ukivuta, ule ufa unakuwa mlango:
mkono utakuja, kichwa kitabaki.

Daktari Ghasham anapitisha pamba kwenye ngozi ya nje ya bega.
"Hapa unasikia? Na hapa?"
"Nasikia kwa mbali. Kama redio ya jirani."
Neva imebanwa, anaandika. Haijakatika, anatumai.
Skana kwanza. Kisha usingizi mzito, misuli ilegee,
kichwa kibembelezwe, kisilazimishwe,
na kipande kirudishwe kwa skurubu, shingo kwa bamba.
Hayo sikuyaona. Niliyasoma kesho yake kwenye kioo changu,
chuma cheupe kuliko mfupa.

Wiki ya tisa alikuja bila mkanda.
Nikamwambia, kiganja juu.
Kikageuka, kikafika nusu, kikagoma.
"Nusu ya dua," akasema, "na bado vidole vinachelewa."
Nikampiga picha mbili. Siku hizi sipigi moja.

Bi Shawana alikuwa benchi la nje, mkoba mapajani.
Nilidhani amesinzia.
"Babu yangu alirudisha mabega mengi," akasema.
"Sasa nalala nikihesabu mangapi alivunja."
Nikakaa karibu naye.
Ya kwangu najua moja.